Prosesa Moja, Wapangaji Wengi

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za utafiti. Sekunde 40 hivi baada ya mpangilio wa kuruka kuanza, ikiwa kwenye kimo cha karibu mita 3,700, ilipinda ghafla, ikavunjika na kulipuka. Injini hazikuwa na kasoro. Kilichoiangusha ni hesabu moja iliyokuwa ikifanywa na programu ambayo, kwa wakati huo, haikuwa na kazi yoyote.

Programu hiyo ilikuwa ndani ya kifaa kinachopima mwendo na mwelekeo wa roketi. Kazi yake ilikuwa kukiweka kifaa sawa kabla roketi haijaondoka ardhini. Ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako kulikuwa na sababu ya kuiacha iendelee kwa muda mfupi baada ya kuondoka, na wahandisi wakaiacha vivyo hivyo. Lakini Ariane 5 ilishika kasi ya mlalo kubwa zaidi kuliko dada yake, na namba moja ya biti 64 ilipogeuzwa kuwa ya biti 16 haikuenea. Kifaa kikafanya kilichoagizwa kufanya kikikutana na kosa: kiliandika kumbukumbu ya kosa, kisha kikazima prosesa. Kifaa cha akiba, chenye programu ile ile, kilikuwa kimeshazimika kwa kosa lile lile milisekunde 72 kabla. Kompyuta kuu ikapokea ripoti ya hitilafu, ikaisoma kana kwamba ni vipimo vya safari, na ikazigeuza nozeli za injini hadi mwisho.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilitoa ripoti yake Julai mwaka huo huo. Ilieleza kwamba kati ya namba saba zilizokuwa hatarini kutoenea, nne ziliwekewa kinga na tatu zikaachwa, kwa sababu prosesa haikutakiwa kutumika zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Maelezo hayo yanaeleweka. Kila mhandisi amewahi kubana matumizi. Kinachouma ni jambo jingine. Kazi ambayo haikuhitajika tena iliweza kuizima kazi iliyohitajika kuliko zote, kwa sababu zote mbili ziliishi ndani ya prosesa moja bila ukuta kati yao.

Mhadhara huu unahusu ukuta huo. Unahusu aina ya mfumo endeshi ambayo watu wengi huitegemea bila kuiona: kiini kidogo kinachoigawa kompyuta moja iwe kama kompyuta kadhaa zisizofahamiana. Na hoja yake ni moja. Kujenga ukuta ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, iliyo ngumu zaidi na inayosahaulika mara nyingi zaidi, ni milango inayoachwa ukutani kwa makusudi.

Zamani ukuta ulikuwa wa chuma. Katika ndege za kizazi kilichopita, kila kazi ilikuwa na sanduku lake, prosesa yake na nyaya zake: rubani wa kompyuta sanduku moja, skrini sanduku jingine, usimamizi wa mafuta jingine. Sanduku likiharibika, jirani yake hakuwa na habari. Ubaya wake ulikuwa uzito, umeme, joto na wingi wa vipuri. Boeing 777, iliyoanza kubeba abiria Juni 1995, ilivunja desturi hiyo kwa kuweka kazi nyingi ndani ya makabati mawili ya kompyuta yaliyotengenezwa na Honeywell. Boeing 787 Dreamliner ilikwenda mbali zaidi: ina mfumo mkuu mmoja wa kompyuta, na programu za kampuni mbalimbali huishi humo pamoja. Kenya Airways ilipokea Dreamliner yake ya kwanza Aprili 2014, na ya Air Tanzania ikatua Dar es Salaam Julai 2018. Abiria anayetoka Kipawa au Embakasi kwa ndege hizo anabebwa na programu nyingi zinazogawana prosesa.

Kugawana huko kunafanana na maisha ya nyumba ya kupanga. Kila mpangaji ana chumba na kufuli lake, lakini mita ya Luku ni moja, bomba ni moja na uwanja ni mmoja. Mwizi si tatizo pekee. Mpangaji mwenye pasi ya umeme asiye na nia mbaya hata kidogo anaweza kumaliza uniti za nyumba nzima jirani yake akiwa katikati ya kupika. Kwa hiyo mwenye nyumba wa kwenye kompyuta, yaani kiini, analinda mambo mawili kwa pamoja: nafasi na muda.

Upande wa nafasi, silaha yake iko ndani ya prosesa yenyewe. Kuna kitengo kinachokagua kila anwani ya kumbukumbu ambayo programu inataka kusoma au kuandika. Kiini hujaza jedwali la ruhusa la kila chumba wakati mashine inawashwa, na baada ya hapo mipaka haibadiliki. Programu ikigusa anwani isiyo yake, prosesa hukataa papo hapo na kurudisha udhibiti kwa kiini. Hapo kiini hakibuni la kufanya. Kinafungua jedwali jingine lililoandikwa na mhandisi miezi au miaka kabla, linalosema kosa la aina hii likitokea katika chumba hiki, kianzishwe upya, au kizimwe, au kosa liandikwe tu na kazi iendelee. Vyumba vingine havijui kama lolote limetokea.

Upande wa muda ndio unaowashangaza wanaozifahamu kompyuta za mezani. Huko mfumo endeshi hugawa muda kwa kuangalia nani anauhitaji. Kwenye ndege, kanuni za kiwango kiitwacho ARINC 653, kilichotolewa mara ya kwanza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, zinadai ratiba iliyoandikwa mapema. Mfano wa ratiba ya milisekunde 100: chumba cha udhibiti kinapata 20, cha skrini 30, cha udhibiti kinarudi kwa 20 nyingine, cha kumbukumbu za matengenezo kinapata 10, na zilizobaki ni akiba. Kisha duara linaanza tena, lile lile, saa nzima, safari nzima. Milisekunde ya 20 ikitimia, taima inagonga na kiini kinachukua prosesa hata kama programu iko katikati ya kuzidisha namba mbili. Na programu ikimaliza kazi mapema, muda uliobaki haugawiwi kwa jirani, unapita bure. Huo unaonekana ubadhirifu, lakini ndiyo bei ya uhakika. Mhandisi wa chumba cha udhibiti anajua kwamba hata majirani wake wote wakipata wazimu, milisekunde zake 20 zitafika kwa wakati wake.

Thamani ya uhakika huo ilionekana Julai 1997 kwenye sayari ya Mirihi, mahali ambapo fundi hawezi kwenda. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua salama tarehe 4, kikaanza kutuma picha, halafu kikawa kinajiwasha upya chenyewe na kupoteza sehemu ya kazi ya siku. Kompyuta yake moja ilikuwa na kazi nyingi zilizopangwa kwa vipaumbele. Kazi ndogo ya hali ya hewa ilishika kufuli la rasilimali ya pamoja. Kazi kubwa ya kusambaza taarifa ikawa inalisubiri kufuli hilo. Kazi za kati, ambazo hazikuhusika kabisa, zikaingia na kuizuia ile ndogo isimalize. Kazi kubwa ikachelewa, msimamizi akaona imechelewa, akawasha mashine upya. Wahandisi wa Pasadena, California, walilirudia tatizo hilo kwenye nakala ya chombo iliyobaki duniani, wakagundua kwamba dawa ilikuwa ndani ya mfumo endeshi tayari ila haikuwashwa, na wakatuma mabadiliko madogo angani kuiwasha. Hakuna programu iliyogusa kumbukumbu ya mwenzake. Kilichovuja ni muda.

Wazo lenyewe la kiini kinachotenganisha ni la zamani kuliko visa hivi vyote. Desemba 1981, katika mkutano uliofanyika Asilomar, California, John Rushby, aliyekuwa wakati huo Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne, alitoa makala iliyogeuza swali. Watafiti wa usalama wa kompyuta walikuwa wanajaribu kujenga viini vikubwa vinavyofahamu siri zote na kuamua nani asome nini. Rushby alisema kiini kisijue siri yoyote. Kazi yake iwe moja tu: kuifanya kompyuta moja isitofautike, kwa anayeitazama kutoka ndani ya chumba, na kompyuta kadhaa zilizotengana zinazounganishwa na nyaya chache zinazojulikana. Sera ya usalama itokane na mchoro wa nyaya hizo.

Mfano wake ulikuwa mashine ya kusimba ujumbe, na unastahili kuangaliwa kwa karibu. Upande mmoja unapokea ujumbe wazi, upande wa pili unatoa ujumbe uliosimbwa kwenda kwenye mtandao, na katikati ipo sehemu inayosimba. Ingekuwa rahisi kusema kila kitu kipite katikati. Lakini anwani ya mpokeaji ikisimbwa, mtandao hautajua pa kuupeleka ujumbe. Kwa hiyo lazima uwepo mlango wa pembeni, anwani zipite zikiwa wazi, na kwenye mlango huo awekwe mkaguzi anayehakikisha kinachopita kina umbo la anwani na si kitu kingine. Mkaguzi ni programu ndogo, na ndiye pekee anayepaswa kuaminiwa kwenye njia hiyo. Programu kubwa za pande zote mbili zinaweza kuwa na makosa, hata zikawa na usaliti, na bado siri isitoke isipokuwa kwa kuchuruzika kidogo kidogo ndani ya anwani zenyewe.

Hapo ndipo faida yote ilipo. Viwango vya programu za ndege, DO-178, hupanga programu katika daraja A hadi E kulingana na madhara ya kushindwa kwake. Daraja A ni kwa programu ambayo kushindwa kwake kunaweza kuangusha ndege, na kila uamuzi ndani yake lazima ujaribiwe kwa namna inayoonyesha kwamba kila sharti lina athari yake. Ni kazi ya gharama kubwa sana. Pasipo ukuta, programu ya kumbukumbu za matengenezo ikikaa na programu ya udhibiti, nayo inapaswa kuthibitishwa kwa daraja A, maana inaweza kumharibia jirani. Ukuta ukiwepo na ukithibitishwa, kila programu inabeba mzigo wa daraja lake, na kampuni ikibadilisha chumba kimoja hailazimiki kuanza upya ushahidi wa nyumba nzima.

Lakini mzigo haupotei. Unahamia kwenye kiini. Kiini kikikosea, kuta zote ni chaki sakafuni. Ndiyo maana kinafanywa kidogo kadiri inavyowezekana, na ndiyo maana kundi la watafiti wa Sydney, Australia, wakiwemo Gerwin Klein na Gernot Heiser, waliamua kwamba majaribio hayatoshi. Mwaka 2009 walitangaza kiini cha seL4, chenye mistari 8,700 hivi ya lugha ya C, pamoja na uthibitisho wa kihisabati, uliokaguliwa na mashine, kwamba kodi hiyo inafanya kile kile ambacho maelezo yake rasmi yanasema. Uthibitisho wenyewe ulifikia mistari 200,000 hivi. Katika kuiandaa kodi, majaribio ya kawaida yalikuwa yamefichua hitilafu 16. Hatua ya kuthibitisha kodi ya C ilifichua nyingine 144. Tarakimu hizo mbili zingestahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila darasa la uhandisi wa programu, kuanzia Mlimani hadi Makerere, kwa sababu kodi iliyokuwa na hitilafu hizo iliandikwa na watu hodari waliokuwa waangalifu.

Marekani iliijaribu seL4 kwa vitendo. Katika mradi ulioanza 2012 wa DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa nchi hiyo, kiini hicho kiliwekwa kwenye Little Bird, helikopta ya Boeing inayoweza kuruka bila rubani. Kundi la wavamizi wa kukodiwa halikuombwa libahatishe njia ya kuingia. Lilipewa chumba kizima: mfumo wa Linux uliokuwa unaendesha kamera, na mamlaka yote ndani yake. Waliweza kuisumbua kamera. Kutoka humo kwenda kwenye vyumba vya safari hawakuweza.

Kisa cha gari la Jeep Cherokee kinaonyesha upande wa pili. Julai 2015 Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa sebuleni na kompyuta zao, waliligusa gari lililokuwa linakwenda kasi kwenye barabara kuu ya St. Louis, Marekani, likiendeshwa na mwandishi wa habari aliyekubali kuwa mfano. Walibadilisha redio, wakawasha vipangusio vya kioo, kisha wakakata mawasiliano kati ya pedali na mwendo. Wengi waliosoma habari hiyo walidhani gari halikuwa na ukuta. Lilikuwa nao, tena wa silikoni: chipu ya redio na intaneti haikuunganishwa moja kwa moja na mtandao wa breki na usukani. Kati yake palikuwa na chipu ya pili, na hiyo ilikusudiwa kusikiliza tu mazungumzo ya gari. Ila programu ya chipu hiyo ya pili iliweza kuandikwa upya kutoka chipu ya kwanza, bila kudaiwa saini yoyote ya kidijitali. Mlango wa matengenezo uliachwa bila mlinzi, na ukuta wote ukawa hauna maana. Fiat Chrysler iliita magari milioni 1.4 yarekebishwe.

Kwa hiyo mhandisi mzuri wa mifumo hii anapoonyeshwa mchoro, haulizi kwanza kuhusu vyumba. Anauliza orodha ya milango: nani anaandika, nani anasoma, kwa ukubwa gani, na nini kitatokea kama mwandishi akinyamaza au akipiga kelele. ARINC 653 inatambua aina mbili. Mlango wa foleni huhifadhi kila ujumbe hadi usomwe, na unafaa kwa amri zisizopaswa kupotea. Foleni ikijaa, mwandishi huambiwa, na hawezi kummwagia msomaji kumbukumbu. Mlango wa habari ya mwisho huweka ujumbe mmoja tu. Kasi ya ndege ikipimwa upya, namba mpya hufuta ya zamani, na msomaji anapoichukua hupewa pia alama inayosema kama bado ni mbichi au imepitwa na muda. Alama hiyo ni kitu kidogo kwa umbo, lakini ndiyo inayomzuia rubani kusoma kasi ya jana.

Ipo pia milango ambayo hakuna aliyeichora. Januari 2018 ulimwengu ulitangaziwa udhaifu uliopewa majina ya Meltdown na Spectre: prosesa za kisasa hukisia kazi ijayo na kuifanya kabla haijaombwa, na kukisia huko huacha alama kwenye keshi, ambazo jirani mwenye saa nzuri anaweza kuzisoma. Hakuna sheria ya kumbukumbu iliyovunjwa waziwazi. Siri ilipita kwenye muda. Kwa usalama wa ndege, tatizo linalofanana na hilo ni prosesa zenye viini vya hesabu zaidi ya kimoja. Ratiba ya milisekunde 20 inaeleweka kirahisi pale mmoja tu anapofanya kazi. Wakiwa wawili kwa wakati mmoja, njia ya kwenda kwenye kumbukumbu ni ya pamoja, na mmoja akiitumia sana mwingine huchelewa bila kujua kwa nini. Mwaka 2016 mamlaka za usafiri wa anga zilitoa waraka wa pamoja uliowataka watengenezaji waonyeshe kwamba wamezitambua njia zote za kuingiliana namna hiyo na wamezidhibiti. Hadi leo, jibu la uhakika zaidi kwa baadhi ya mifumo ni kuvizima viini vya hesabu vya ziada na kutumia kimoja, ijapokuwa vingine vimelipiwa.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya matajiri wa ndege na makombora. Si kweli. Chipu ndogo za jamii ya Arm Cortex-M, ambazo vijana wa Afrika Mashariki wanazinunua kwa bei ndogo ili kuunda mita za maji za kulipia kabla, vidhibiti vya sola na mashine za kliniki, mara nyingi zina kilinda kumbukumbu ndani yake, chenye uwezo wa kuweka maeneo manane au zaidi yenye ruhusa tofauti. Mara nyingi huachwa kimezimwa, kwa sababu mifano ya kujifunzia haikigusi. Kukiwasha, na kuitenga kodi inayozungumza na mtandao wa simu mbali na ile inayofungua na kufunga vali, hakuhitaji cheti wala bajeti ya Boeing. Kunahitaji mchana mmoja wa kukaa na karatasi na kuandika orodha ya milango.

Na hata wenye bajeti hiyo hawajamaliza. Machi 2020 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu Boeing 787 za aina zote tatu. Ndege ikikaa siku 51 mfululizo umeme wake ukiwa haujazimwa, mfumo mkuu wa kompyuta ungeweza kupoteza uwezo wa kukagua umri wa ujumbe unaopita kwenye mtandao wake wa ndani. Swichi ya mtandao nayo ikiharibika wakati huo, skrini za marubani zingeweza kuonyesha taarifa zilizopitwa na muda bila onyo lolote. Kuta za vyumba hazikutajwa kuwa na kasoro. Kilichochoka ni alama ile ya ubichi, kwenye mlango. Agizo liliwataka mafundi wazime umeme wote wa ndege na kuuwasha tena kabla siku hizo hazijatimia, na warudie hivyo kila baada ya kipindi kilichowekwa.